Mzee Aliyeuliza Nywele Zilikatwa Upande Gani

Nilikuwa Segera asubuhi ya Jumanne, nimesimama upande wanakopakia abiria wa Handeni, nikibishana na mwuza machungwa aliyekuwa akiniapia kwamba machungwa yake hayana mbegu hata moja, simu ikaita. Alikuwa mkwe wa mzee mmoja wa Korogwe ambaye nimewahi kumtaja katika safu hii mara mbili au tatu bila kumtaja jina. Akaniamkia kwa utaratibu wote, akaniuliza habari za nyumbani, habari za safari, habari za mvua, akauliza tena za nyumbani, nami kabla hajafika mwisho nilikuwa nimekwisha kujua. Kwetu habari mbaya haiingii ndani na viatu. Kisha akasema mzee ametutoka alfajiri, usingizini, na mazishi ni kesho. Nilivuka barabara, nikapanda gari la kwenda Korogwe badala ya Handeni, na sikumbuki kama nilimuaga yule mwuza machungwa.

Sitamtaja jina hata leo. Alikuwa mtu wa maabara, mstaafu, na watu wa maabara hawana mazoea ya kutajwa. Mgonjwa akipona humshukuru daktari, asipopona humlaumu daktari, lakini yule aliyeinamia darubini chumba cha nyuma hakumbukwi na yeyote. Wazazi wake walikuja kutoka mbali kukata mkonge, naye akazaliwa kambini, akasoma kwa taa ya kibatari, akaajiriwa msaidizi katika zahanati ya shamba, akapanda ngazi moja moja mpaka akawa mkubwa wa maabara ya hospitali. Tulijuana kwa sababu alinikosoa. Niliwahi kuandika hapa kwamba maji ya kisima kimoja cha kwetu Handeni ni safi na salama, nikayasifu kwa ung'avu wake mpaka nikajisikia mshairi. Siku mbili baadaye nikapata ujumbe kwenye simu, namba nisiyoijua: "Ndugu mwandishi, nimesoma makala yako juu ya maji. Ulipima, au ulitazama?" Nilikasirika kama saa moja. Halafu nikampigia, na tangu siku hiyo sikuacha kupita kwake kila nilipofika Korogwe.

Kisa ninachotaka kuwasimulia leo kinamhusu mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye ameolewa Mazingara. Amenipa ruhusa nikieleze. Mpwa wangu alizika watoto wawili kabla hawajatimiza mwaka. Alipompata wa tatu, binti, aliweka nadhiri kwamba wembe wala mkasi hautapita kichwani mwa mtoto huyo mpaka siku atakapoanza darasa la kwanza. Shehe wa pale kwao alimkumbusha kwamba sunna ni kunyoa siku ya saba, naye akamjibu kwa adabu kwamba wale wawili walinyolewa siku ya saba. Nywele zikaachwa, zikakua, zikawa zinasukwa twende kilioni kila baada ya wiki mbili, na binti alipokaribia miaka minne ukizifumua na kuzivuta zilimfika katikati ya mgongo. Alikuwa mtoto mzuri wa kutazama, mwenye macho ya kudadisi, lakini alikuwa hasemi. Alikuwa na maneno matano au sita tu, na mawili kati ya hayo ilibidi uwe mama yake ndipo uyaelewe.

Mume wa mpwa wangu ni mkulima ambaye, kama vijana wengi wa wilaya yetu, mahindi yakikataa huenda kwenye dhahabu. Wanasaga mawe kwenye karasha, wanaosha unga wake kwenye karai, wanatia zebaki ishike dhahabu, kisha wanalichoma lile donge ili zebaki iondoke kwa moshi na dhahabu ibaki. Basi siku moja wakaja watu kutoka mjini, wenye fulana za aina moja na maneno matamu, wakisema wanapima nywele za watoto wanaoishi karibu na machimbo. Walitaka nywele kidogo tu. Wiki chache baadaye wakarudi na karatasi ya kung'aa yenye mistari ya rangi, kijani, njano na nyekundu. Mstari wa zebaki wa binti yetu ulikuwa mwekundu na umetoka mpaka pembeni ya karatasi. Wale watu walikuwa pia na dawa. Dawa yenyewe, walisema, huvuta madini yote mabaya kutoka mwilini, ikinywewa miezi mitatu bila kuacha, ulimi wa mtoto utafunguka.

Mpwa wangu alifunga nguo zake na za mtoto katika vitenge viwili, akamwambia mumewe kwamba amemuulia wawili na wa tatu hampi. Akaja kwangu Handeni mjini. Chupa za dawa zilikuwa ndani ya mkoba wake na alikuwa amepanga kuanza kumpa mtoto baada ya swala ya Ijumaa, kwa ajili ya baraka. Nami, Mungu anisamehe, nilichofanya kwanza ni kukaa kuandika. Niliandika makala kali kuliko zote nilizowahi kuandika, juu ya wachimbaji wanaowaua watoto wao wenyewe, na yule mkwe wangu nilimweka pale katikati bila jina lakini kila mtu wa Mazingara angemjua. Nilimsomea mpwa wangu, nikawa nimebakisha aya ya mwisho. Nikampigia mzee wa Korogwe ili anipe neno moja la kitaalamu la kufungia. Badala ya neno akaniuliza kama nimekwisha kuipeleka. Nikasema bado. Akasema njoo na karatasi, njoo na mtoto, na mama yake aje na hizo chupa bila kuzifungua.

Tulifika kwake Alhamisi, saa nne asubuhi, nyumba yake ng'ambo ya reli. Mpwa wangu akapiga goti kidogo, akasema shikamoo mzee, akapokelewa, tukaletewa maji na uji. Nilikuwa na karatasi mkononi nikiipepea kama mtu mwenye hati ya kiwanja. Mzee hakunyoosha mkono kuipokea. Alikaa akimtazama mtoto aliyekuwa akichezea vizibo vya soda uani, na sisi tukakaa tukimtazama yeye. Bodaboda akapita nyuma ya ua akipiga honi kwa fujo, kuku wakaruka, mimi mwenyewe nikashtuka. Mtoto aliendelea kupanga vizibo vyake. Mzee akaniangalia kuona kama nimeona. Sikuwa nimeona kitu. Ndipo akachukua karatasi, akavaa miwani, akaisoma pande zote mbili, hata maandishi madogo ya chini, akaiweka mezani.

"Mwanangu," alimwambia mpwa wangu, "hizi nywele zilikatwa upande gani?"

Mpwa wangu hakuelewa. Mzee akauliza tena polepole, je, zilikatwa karibu na ngozi ya kichwa au mbali. Mpwa wangu akaona haya kidogo, akaeleza nadhiri yake, akasema wale watu walitaka kukata karibu na ngozi, kisogoni, naye akawakatalia. Wakabishana. Mwishowe akawaambia kama ni nywele basi wachukue za nchani, zile zilizochakaa, ambazo hata yeye huzinyofoa kwa vidole wakati wa kusuka. Wakachukua za nchani. Kwenye karatasi hakukuwa na neno hata moja juu ya hilo. Kulikuwa na jina la mtoto, umri, na ule mstari mwekundu.

Nilichokisikia baada ya hapo kilinifanya nijione mdogo, na napenda kukieleza kama alivyokieleza, kwa maneno ya mtu anayetaka kueleweka. Alisema nywele haikui kwa nchani kama majani ya mahindi, inasukumwa kutoka chini, kwenye ngozi. Kila mwezi inaongezeka karibu upana wa ukucha, zetu sisi pungufu kidogo. Kwa hiyo ncha ya nywele ya binti huyu ilitoka kichwani alipokuwa mchanga wa kunyonya. Tangu hapo imepita katika moshi, vumbi, mafuta, mikono na jasho la mgongo wa mama kwa miaka mitatu. Karatasi hii, akasema, haisemi lolote juu ya damu ya mtoto leo. Labda inasema juu ya damu yake ya zamani. Labda inasema juu ya moshi wa zamani uliogandia kwa nje, na zebaki iliyogandia kwa nje huwezi kuiosha yote ukaondoa shaka. Kisha akamuuliza mpwa wangu waliishi wapi mtoto alipokuwa mchanga. Mpwa wangu akasema waliishi kwenye kibanda cha machimboni, chumba kimoja, na mumewe alikuwa akichoma dhahabu kwenye jiko lilelile la ugali, yeye akiwa amembeba mtoto mgongoni. Walihama baada ya mwaka. Siku hizi anachomea hukohuko machimboni.

Ndugu msomaji, mimi ningeishia hapo. Ningesema ndiyo basi, nimepata nilichokuwa nikitafuta, zebaki ipo, baba ana hatia. Mzee akasema hapo ndipo kazi inapoanza. Dawa za kuvuta madini, alisema, hazina macho, huvuta na yale mazuri ambayo mwili unayahitaji, na huwa haziguswi mpaka damu au mkojo umepimwa na daktari amekaa kando ya mgonjwa. Alizichukua chupa, akazisoma, akasema hata hazielezi ndani mna nini. Mpwa wangu aliziacha pale. Halafu mzee akasema anataka mkojo wa mtoto upimwe, masikio yake yatazamwe kesho yake asubuhi, na anataka nywele kutoka upande wa ngozi.

Mpwa wangu akasema hapana. Hakuinua sauti. Alisema masikio sawa, mkojo sawa, lakini mkasi haupiti. Nilianza kumgombeza kijomba, kwamba haya ni mambo ya kitaalamu na nadhiri ni mambo ya vikongwe. Mzee akanizuia kwa kiganja. Akamuuliza mpwa wangu nadhiri yake inasemaje hasa, neno kwa neno. Mpwa wangu akairudia: wembe usipite, mkasi usipite. Na zinazodondoka zenyewe kwenye chanuo, mzee akauliza, nazo zimekatazwa? Mpwa wangu akafikiri. Akasema hizo hazikatazwi, ila huwa hazitupi, huzikusanya kila anapomsuka na kuzitia kwenye kopo ili zisikanyagwe na mtu wala kuchukuliwa na mwenye nia mbaya. Mzee alicheka kwa furaha, sikuwahi kumsikia akicheka vile. Akasema katika maisha yake yote ya maabara hajapata kuona mtunza sampuli kama huyu.

Zile za kwenye kopo hakuzitaka, maana zimechanganyika na hazina tarehe. Alimpa chanuo jipya na karatasi safi, akamwomba kwa wiki tatu amchane mtoto kila siku na kuhifadhi kila unywele unaodondoka wenyewe. Nilikuwepo alipozipokea. Alikaa kwenye meza ya dirishani na lenzi yake ya mkononi na kibano, akachukua unywele mmoja mmoja, akatafuta kile kitonge cheupe kidogo kilicho mwisho wa unywele uliotoka na mzizi wake, akaupanga, kitonge upande wa kushoto, ncha upande wa kulia. Mmoja, akaweka. Mwingine, akaweka. Usiokuwa na kitonge alikuwa akiutenga. Alifanya hivyo siku mbili nzima, mtu wa miaka zaidi ya sabini, macho yakimtoka machozi kwa uchovu, kwa ajili ya mtoto asiye wake. Mwisho alifunga uzi upande wa mizizi, akaandika kwa mkono kwenye bahasha kila kitu: nywele hizi zimedondoka zenyewe, na unywele unaodondoka huwa umeacha kukua miezi kama mitatu kabla, kwa hiyo hata upande huu wa mzizi hauzungumzii jana. Akaipeleka kwa mwanafunzi wake wa zamani kwenye maabara yenye mashine. Nimeona mengi ambayo watu huyaita makubwa, majengo yamezinduliwa mbele yangu na madaraja yamekatwa utepe. Sijawahi kusimama kwa heshima moyoni kama nilivyosimama mbele ya meza ile.

Siku moja katika hizo mbili nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akaniambia, bila kuacha kazi, kwamba akiwa kijana katika zahanati ya shamba la mkonge aliletewa damu ya mtoto mwenye homa. Akaiweka chini ya darubini, akaona malaria, wazi kabisa. Akatoka nje kwa uso wa furaha akamwambia mama kwamba ni malaria tu, hakuna kingine, na mganga akatibu malaria. Mtoto alikuwa na malaria na alikuwa pia na homa ya uti wa mgongo. Alizikwa siku ya tatu, nyuma ya kambi. "Nilichokiona kilikuwa kweli," mzee akasema. "Nilichokiongeza ndicho kilichomuua."

Majibu yalipokuja, tuliitwa sote, na mara hii mume naye alikuja, amekaa mwisho wa benchi kama mshtakiwa. Masikioni mwa mtoto walikuta usaha wa siku nyingi, nyuma ya ngoma, uliompunguzia kusikia, na alikwisha kuanza kutibiwa. Mkojo haukuwa na zebaki ya kutisha. Nywele upande wa mizizi zilikuwa kama za mtu yeyote, na kadiri walivyokwenda kuelekea nchani ndivyo zebaki ilivyopanda. Mzee akasema kwa sasa haimwingii, au inaingia kidogo sana. Ya zamani ipo, na kama ilikuwa ndani au nje hawezi kuapa. Kama ndiyo iliyochelewesha maneno, au ni masikio peke yake, hawezi kuapa pia. Akamgeukia mume, akamwambia zebaki ni sumu na itabaki kuwa sumu, achomee mbali na watu na kwa chombo kilichofunikwa, abadilishe nguo kabla ya kuingia nyumbani, na siku atakayoweza kuiacha aiache. Yule kijana alikuwa akilia. Ameiacha sasa, ana shamba la alizeti.

Ndipo mpwa wangu akauliza swali ambalo sote tulikuwa tukilikwepa.

"Mzee, na wale wawili wangu wa kwanza? Walikufa kwa hiyo zebaki?"

Nilimtazama mume wake, nikaona amefumba macho. Wakati ule wangeweza kuachana kwa neno moja, na neno hilo lilikuwa mdomoni mwa mzee. Alivua miwani. Akauliza waliishi wapi wakati huo, waliugua vipi, siku ngapi, nani aliwatibu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nimesikia yote uliyonieleza, nami nimefikiri, na sijui. Hakuna kilichobaki cha kupima. Nikikwambia ndiyo nitakuwa mwongo, nikikwambia hapana nitakuwa mwongo vilevile."

Nakiri kwamba nilisikitika. Nilitaka aseme kitu, chochote, ili mambo yafungwe. Kazi hii ya safu humzoesha mtu kufunga mambo, kila wiki aya ya mwisho, kila wiki hukumu. Ile makala yangu kali niliichana kwa mikono yangu, lakini kwa aibu zaidi kuliko kwa busara, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba siku ile mzee alifika ukingoni mwa elimu yake na kutuacha hapo. Siku hizi tunaletewa karatasi nyingi za kung'aa. Kila kitu kina mstari wake wa rangi, kuanzia udongo wa shamba mpaka damu ya mjamzito, na kila mwenye karatasi ana chupa mkobani. Sizichukii mashine, mzee mwenyewe alizipenda kuliko mtu yeyote niliyemjua. Nilichojifunza kwake ni kwamba mashine inapima kile ilichopewa, na anayejua ilipewa nini ni yule aliyeshika mkasi, au aliyeukataa. Mtu anayesoma majibu bila kumsikiliza huyo atasoma vizuri na kwa sauti, na atakosea.

Jumatano tulimzika Korogwe. Kanisa lilijaa, na nje walijaa wenye kofia za kiislamu kutoka Handeni ambao sikujua kama aliwajua. Mpwa wangu alikuja na mumewe na binti yao, ambaye alisema kwa sauti kubwa mno kuliko inavyofaa msibani kwamba ana kiu. Tulipokuwa tukitoka makaburini nilimwambia mpwa wangu lile lililokuwa likinikaa moyoni, kwamba najuta mzee hakuweza kumjibu lile swali lake. Alisimama akanishangaa.

"Mjomba," akasema, "kila mtu alishaniambia wanangu walikufa kwa nini. Wengine walisema majini, wengine damu yangu mbaya, wengine wivu wa mke mwenzangu wa zamani, na wewe ukasema baba yao. Wote mlikuwa na uhakika. Yeye ndiye peke yake aliyetafuta kwanza, akaniambia hajui. Siku ile ndipo nilipoweza kuwalilia tu kama watoto, bila kumtafuta aliyewaua."